Kitabu gani cha masimulizi ya kweli kiwafae wanafunzi wa Kiingereza katika likizo ndefu?

Mwalimu wa Kisauni

Assalaam aleikum na salamu kwenu nyote. Ninafundisha Kiingereza kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa huku Kisauni, na mwaka huu nimekabidhiwa kundi la wanafunzi 26 ambao wamewapita wenzao kwa mbali: riwaya teule wamezimaliza kabla muhula haujafika katikati, na nikiwapa shairi hawaniulizi tena maana ya maneno, bali wanataka kujua kwa nini mshairi ameyapanga vile. Nimekusudia wasome kitabu kimoja katika likizo ya Novemba na Desemba, kwa mfano wa shule za Marekani, ambako mwanafunzi wa Kiingereza cha ngazi ya juu hupewa kitabu cha kusoma katika miezi ya kiangazi, na shule zinapofunguliwa mjadala huanzia hapo hapo.

Sitaki riwaya. Ninatafuta kazi ambayo kila kilichomo kilitokea, lakini imesimuliwa kwa ufundi wa mtambaji: ina wahusika, mandhari, mazungumzo na taharuki, na mambo yake yamepangwa kwa makusudi wala hayakumwagwa tu kwa mfuatano wa tarehe. Sababu yangu ni hii. Nilipowaomba wanitajie kazi isiyo ya kubuni waliyoipenda, walinitajia kitabu cha historia na cha biolojia, na mmoja, kwa uso mkavu kabisa, akataja kijitabu cha maelekezo ya simu. Wanaamini kwamba ukweli hauna budi kuchosha, na kwamba utamu wa lugha ni mali ya hadithi za kutunga.

Kuna vikwazo. Vitabu ni ghali. Wengi wa vijana hawa wakati wa likizo huenda madrasa asubuhi na jioni hushika duka au huwasaidia wazazi sokoni Kongowea, kwa hiyo kitabu cha kurasa mia tano kitarudi hakijafunguliwa. Tena mwaka jana nilijaribu *In Cold Blood* cha Truman Capote, na mzazi mmoja akaja ofisini kuniuliza ni elimu gani hii ya kumsomesha mtoto jinsi watu wanne wa nyumba moja walivyouawa, nami sikuwa na jibu la kumridhisha. Naomba mnishauri kitabu, na pia namna ya kuwafuatilia wasije wakaninakilia muhtasari kutoka kwenye intaneti.

Mkutubi Mstaafu, Makadara

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya kuazimisha vitabu, nikaona kwamba kijana akiazima kitabu chembamba hukirudisha amekisoma, na akiazima kinene hukirudisha na kijikaratasi chake cha alama kingali katika sura ya pili. Basi pendekezo langu ni *Hiroshima* cha John Hersey, ambacho hata ukikihesabu pamoja na sura ya mwisho iliyoongezwa baadaye hakifiki kurasa 200.

Kabla ya kuwa kitabu kilikuwa makala. Tarehe 31 Agosti 1946, mwaka mmoja na wiki chache baada ya bomu la atomiki kuangushwa katika mji wa Hiroshima, Japani, jarida la The New Yorker lilitenga toleo zima kwa kazi hiyo peke yake. Wasomaji walikuwa wamekwisha kuona picha za wingu na kusoma hesabu za majengo yaliyoteketea; watu walioishi chini ya wingu lile walikuwa hawajawasikia. Hersey akawachagua sita: karani wa kike wa kiwanda cha bati, mjane wa fundi cherehani mwenye watoto watatu, madaktari wawili, padri Mjerumani na mchungaji wa Kimethodisti. Anaanza saa mbili na robo asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, akituonyesha kila mmoja alikuwa akifanya nini mwanga ule ulipomulika. Karani alikuwa ndiyo kwanza ageuze kichwa azungumze na msichana wa meza ya jirani. Kabati za vitabu zikamwangukia na kumvunja mguu. Ni asubuhi ya kazi kama asubuhi zote.

Nakuomba uwaonyeshe wanafunzi wako mambo mawili katika ufundi wake. Kwanza ni mpangilio: humwacha mtu penye dhiki kuu akamwendea mwingine, kama bibi anayekatiza hadithi palipo patamu akasema iliyobaki ni kesho. La pili, ambalo mimi naliona kubwa zaidi, ni utulivu wa sauti. Hersey halii, hakemei, hamwambii msomaji ahuzunike. Anaandika kilichoonekana, kilichoguswa na kilichosemwa, kisha anaondoka. Vijana wetu wamezoeshwa kupamba insha kwa tashbihi tatu na methali mbili kabla ya aya ya kwanza kwisha (nasema hivi nikijua kwamba watahini nao wana lawama yao), na kwao kitabu hiki ni dawa. Waambie watafute sentensi moja ambamo mwandishi ameangua kilio. Wataitafuta mpaka likizo iishe.

Mwaka 1985 Hersey aliongeza sura ya tano, baada ya kuwarudia watu wale miaka 40 ikiwa imepita. Wasiisome kwa pamoja na zile nne za mwanzo. Waache siku kadhaa zipite, kisha waisome, wapate kuonja nao urefu wa muda. Na kwa habari ya wazazi, andika barua mapema ueleze wazi kwamba mna maelezo ya majeraha ya moto yanayotisha. Mzazi akiarifiwa kabla, aghalabu huwa mshirika; akigundua mwenyewe, ndipo huja ofisini.

Mzazi wa Likoni

Mimi si mwalimu, na Bi Mkutubi anisamehe, lakini sioni kwa nini watoto 26 walazimishwe kusoma kitabu kimoja. Binti yangu anataka kuwa muuguzi. Shangazi yake alimletea *The Immortal Life of Henrietta Lacks* cha Rebecca Skloot, akawa anakisoma asubuhi akiwa kwenye feri na jioni akiwa kwenye feri, mpaka siku moja nusura abaki chomboni abiria wote wameshashuka. Kinahusu mama mmoja Mmarekani mweusi ambaye mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, madaktari walichukua seli za uvimbe wake bila kumwomba ridhaa. Yeye akafariki mwaka huo huo akiwa na umri wa miaka 31, seli zikaendelea kuzaana katika maabara za dunia nzima, na jamaa zake wakapitisha miaka zaidi ya 20 bila habari.

Sikukisoma mimi, lakini nimekijua chote kwa kusimuliwa wakati wa chakula cha usiku. Aliyemkasirikia ni mimi, kana kwamba nilikuwako hospitalini. Kitabu cha namna hiyo mwanafunzi anayetaka kuwa mwanasheria angekifurahia vilevile, lakini mwingine anayependa safari na bahari kingemchosha. Wape vitatu au vinne, kila mmoja ajichagulie.

Mwandishi wa Habari, Mji wa Kale

Hoja ya hiari naiheshimu, ila kitabu kimoja kina faida yake: mkigombana, mnagombania ukurasa ule ule. Hata hivyo, kabla ya kuulizana ni kitabu gani, ningependa Mwalimu aamue swali ambalo wanafunzi watakwenda nalo nyumbani. Kwangu mimi swali hilo ni moja tu: amejuaje?

Kila msomaji wa masimulizi ya kweli hufika mahali ambapo mwandishi anaeleza mtu aliyekuwa peke yake chumbani aliwaza nini. Riwaya ina ruhusa hiyo. Mwandishi wa habari hana, isipokuwa mtu mwenyewe amemwambia, au ameacha barua, au ushahidi wake umo katika kumbukumbu za mahakama. Kwa hiyo wanafunzi wakunje kila ukurasa wa daftari mara mbili. Kushoto waandike tukio au mazungumzo yaliyowagusa. Kulia wajibu, kwa kadiri kitabu kinavyowaonyesha, mwandishi aliyapataje. Panapokosa jibu pabaki wazi. Nafasi zilizo wazi ndizo zitakazokuwa somo la siku ya kwanza, na hakuna muhtasari wa intaneti unaoweza kumjazia mtu daftari la namna hiyo.

Hapo ndipo Capote angekufaa, Mwalimu, si kwa kitabu kizima bali kwa kisa cha kitabu chenyewe. Aliinadi kazi yake kuwa ni kweli tupu, akajisifia kumbukumbu yake, kwa kuwa alipokuwa akiwahoji watu hakutumia kinasa sauti wala hakuandika mbele yao. Baadaye ikathibitika kwamba mandhari ya mwisho ya kitabu, makutano yale ya makaburini, aliyatunga. Sentensi za mandhari hiyo ni nzuri mno. Waulize wanafunzi kama uzuri huo unamtetea au unamtia hatiani.

Na kama mnataka mfano ulio karibu na mlango wetu, upo: *The Man-Eaters of Tsavo* cha J. H. Patterson, kilichochapishwa mwaka 1907. Reli ilianza kujengwa kutoka hapa Mombasa mwaka 1896. Ilipofika mto Tsavo, Patterson akaletwa mwaka 1898 kusimamia ujenzi wa daraja, na kwa miezi kadhaa simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni wakawa wanawavuta wafanyakazi mahemani usiku. Aliwaua wote wawili Desemba ya mwaka huo. Ngozi zao hatimaye ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, na wako huko hadi leo. Hakimiliki ya kitabu ilikwisha zamani, kwa hiyo kuchapa sura mbili tatu hakukugharimu ila karatasi.

Sasa angalieni hesabu ya waliouawa. Katika kitabu, Patterson anataja wafanyakazi Wahindi 28, na juu yao Waafrika wengi ambao, kwa maneno yake, hakuna aliyeweka orodha yao. Miaka mingi baadaye, simba walipokwisha kuwekwa Chicago, akaandika kwamba jumla ilikuwa watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima alama za kikemia zilizobaki katika mifupa na manyoya ya simba wale wapate kujua walikula nini, na makadirio yao yakafika watu 35 hivi. Mtu yule yule, simba wale wale, na hesabu imepanda na kushuka. Mwanafunzi akiona hivyo hatasoma tena kwa macho yale ya zamani.

Mwalimu wa Fasihi, Mvita

Ndugu Mwandishi, kuhusu swali lako tuko pamoja. Kuhusu Patterson nina shaka. Nimewahi kukisoma na darasa. Wahindi waliolala katika mahema yale na Waafrika waliobeba mizigo wamo, lakini takribani wote hawana majina wala kauli, na lugha anayoitumia juu yao ni lugha ya bwana mkubwa wa enzi ile. Kijana wa kidato cha tatu akipewa hicho peke yake, likizo nzima, bila mwalimu karibu, huenda akavutwa na simba akasahau watu. Unasema orodha ya Waafrika haikuwekwa. Basi hilo lisiwe jambo la kupitia juu juu, kwa sababu ndilo shimo kubwa kuliko yote katika safu yako ya kulia.

Mimi huwa natumia *Unbowed* cha Wangari Maathai, kilichotoka mwaka 2006, miaka miwili baada ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ni tawasifu, na lazima wanafunzi waelezwe kwamba tawasifu si kitu kimoja na kazi ya Hersey. Hersey alikwenda kuwasikiliza wengine. Maathai anajisikiliza mwenyewe. Anaposimulia mwaka 1989, alipopinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, kuna mambo ambayo tunaweza kuyathibitisha katika magazeti ya siku zile, na kuna mengine, kama vile alivyojisikia alipotukanwa, ambayo shahidi wake ni yeye peke yake. Swali la kujua linabaki, ila linabadilika umbo: anakumbukaje, na anaacha nini?

Nitachepuka kidogo. Wanafunzi wetu wasidhani kwamba usimulizi huu uliletwa na Kiingereza. Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, akieleza safari, pembe na vita kwa sentensi fupi kavu ambazo mhariri wa leo angezionea wivu. Na watumwa waliozibeba pembe zile wanapita katika kurasa zake karibu kama vivuli. Nilipoweka ukurasa wake kando ya ukurasa wa Patterson, darasa lilinyamaza kwanza, kisha likalipuka.

Mwandishi wa Habari, Mji wa Kale

Nimekubali, Mwalimu wa Mvita. Patterson asisomwe peke yake nyumbani; abaki wa darasani, Januari.

Mwalimu wa Kisauni

Shikamoo Bi Mkutubi, na ahsanteni nyote. Nimeketi na mkuu wa idara na tumepanga hivi, nanyi mnisahihishe.

Wote watasoma *Hiroshima*. Kwa fedha za idara na kwa kuzunguka kwa wauza vitabu vya mtumba nimepata nakala 9, kwa hiyo watagawanyika watatu watatu, kundi moja likiwa na wawili, na kila mmoja atakaa na kitabu wiki mbili kabla ya kumkabidhi mwenzake. Nimewapanga kwa mitaa ili mtoto asilazimike kupanda matatu mbili kwenda kuchukua kitabu. Sura ya tano nitaibana kwa klipu kwenye kila nakala. Najua watafungua, lakini angalau watajua kwamba wamefungua. Hoja ya Mzazi wa Likoni sikuitupa: atakayemaliza mapema atachagua baina ya Skloot na Maathai, ambavyo nina nakala mbili mbili, na hatatakiwa kuandika chochote juu yake. Sura za Patterson na ukurasa wa Tippu Tip nitaziweka hadi Januari.

Daftari la kukunjwa nimelipenda sana, nami nimelijaribu kwanza mwenyewe kwa sura ya kwanza ya Hersey. Safu ya kulia ilinishinda mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Hersey hajitaji kabisa, wala hasemi "aliniambia". Msomaji anaachwa akisie kwamba mjane yule ndiye aliyesimulia jinsi alivyofukua watoto wake kifusini. Imenibidi nijiulize kama kujificha huko ni unyenyekevu au ni ujanja wa kutufanya tusahau kwamba kuna mtu aliyechagua. Skloot, kwa kadiri nilivyopitia kurasa za mwanzo, amefanya kinyume: yeye mwenyewe ni mhusika, tunamwona akipiga simu na kukataliwa. Siku ya kwanza ya muhula sitawapa mtihani. Kila mmoja ataleta mstari mmoja tu kutoka daftarini, ule ambao safu yake ya kulia imebaki tupu, na tutaanzia hapo.

Limebaki jambo moja. Ningetaka nao waandike, maneno 600 hivi, masimulizi ya tukio moja la kweli la Mombasa ambalo mtu mzima amewasimulia. Nimefikiria ajali ya feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyoua watu 272, kwa kuwa walioishuhudia wangali nasi. Mwaonaje?

Mzazi wa Likoni

Mwalimu, hapo nakusihi usimame kidogo. Hesabu hiyo unayoitaja, kwetu huku si hesabu. Kuna nyumba ambazo mtoto akibisha hodi na daftari lililokunjwa akauliza habari za siku ile, atakuwa amefungua jambo asiloweza kulifunga. Hata huyo Hersey alikuwa mtu mzima, mwandishi aliyekwisha kuona vita. Waanze na mambo mepesi: siku ya kwanza mtu alipopanda treni mpya mwaka 2017, au namna duka la babu lilivyoanza. Watajifunza kuuliza, kunyamaza na kurudia swali, bila kumwumiza mtu.

Mkutubi Mstaafu, Makadara

Marahaba, Mwalimu. Mzazi amesema kweli. Naongeza tu kwamba mwanafunzi amsomee msimuliaji alichokiandika kabla ya kukileta shuleni, na akiambiwa "hili liondoe", aliondoe, kisha aandike kwenye safu ya kulia kwamba kuna kitu kimeondolewa.

Mwalimu wa Kisauni

Nimeelewa, na Mtongwe nimeitoa. Mzazi, je, unamfahamu mzee yeyote wa huko aliyefanya kazi kivukoni, ambaye angekubali kuzungumza na wanafunzi wawili juu ya kazi yake ya kila siku tu?

Mzazi wa Likoni

Yupo jirani yangu aliyekuwa akifunga kamba za feri tangu ujana wake. Masikio yake yamepungua kidogo, kwa hiyo wasimletee maswali ya kunong'ona. Nitamwomba mwenyewe kwanza, na jibu lake nitakuletea kabla shule hazijafungwa.